Kumfuatilia ningu mtoni kwa chipu na redio

Samaki aitwaye ningu (Labeo victorianus) hapatikani kokote duniani nje ya bonde la Ziwa Victoria, na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, imemwandika katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mvua zikianza hupanda Nzoia, Sondu-Miriu, Mara, Kagera na mito mingine, akaenda kutaga kwenye maji yaliyofurika kandokando. Tabia hiyo ndiyo iliyomponza: nyavu zilitandwa kwenye midomo ya mito wakati majike wamejaa mayai, mwaka baada ya mwaka. Anayetaka kumlinda leo lazima ajue anapita wapi, siku gani, maji yakiwa na kina gani, na kama anarudi. Katika mto wenye tope, macho hayawezi kumwonyesha hayo. Alama za kielektroniki zinaweza.

Mwongozo huu ni wa watafiti, wanafunzi wa sayansi za majini na maofisa uvuvi wanaotaka kuanza kazi hiyo. Kuna jambo moja la kushika tangu mwanzo: kifaa kikikaa kimya, ukimya huo unaweza kuwa na maana nyingi. Huenda samaki hakupita. Huenda alipita betri ikiwa imekwisha, au alipita juu kuliko antena inavyoweza kusoma. Huenda chipu ilidondoka, au samaki mwenyewe yuko kwenye kikaango. Sehemu kubwa ya kazi inayoelezwa hapa ni ya kukuwezesha kuutofautisha ukimya mmoja na mwingine.

Swali ndilo linalochagua alama

Usianze kwa kununua vifaa. Andika kwanza swali lako kwa sentensi moja. Likiwa ni "ningu wangapi hupita hapa, na lini?", unahitaji chipu za PIT na antena iliyotegwa mtoni. Likiwa ni "wanaenda kutaga wapi?", unahitaji transmita za redio. Likiwa ni "wakitoka mtoni wanaishi sehemu gani ya ziwa?", unahitaji transmita za sauti.

Chipu ya PIT ni kidonge cha kioo chenye koili na chipu ndogo ndani, hakina betri. Hupata nguvu kutoka kwenye uga wa sumaku wa antena, kwa kawaida katika masafa ya kilohezi 134.2, kisha hujibu kwa namba yake ya tarakimu 15. Kwa kuwa haina betri, inaweza kudumu maisha yote ya samaki. Saizi za kawaida ni milimita 12, yenye uzito wa takriban gramu 0.1, na milimita 23, yenye takriban gramu 0.6. Udhaifu wake ni umbali. Kisomaji cha mkononi huisoma ya milimita 12 kwa sentimita chache tu, kumi na kitu hivi. Antena nzuri ya mtoni huisoma ya milimita 23 kwa nusu mita au zaidi kidogo. Kwa antena kubwa, chagua mfumo wa HDX, yaani ule ambao antena hupiga kisha hunyamaza kusikiliza jibu, kwa sababu waya wake ni rahisi kutengeneza kwa vifaa vya kawaida na unavumilia makosa madogo ya umbo.

Transmita ya redio ina betri, hivyo ina uzito na ina mwisho. Nyingi hutumia megahezi 148 hadi 152. Husikika hewani kwa mamia ya mita, lakini maji ya kina kirefu na maji yenye chumvi nyingi humeza mawimbi yake. Mtoni, kwenye kina kisichozidi mita chache, inafaa sana. Ningu akishateremka ziwani kwenye kina cha mita kumi na zaidi, umempoteza.

Transmita ya sauti ni kinyume chake. Kilohezi 69 au 180 husafiri vizuri kwenye maji matulivu na yenye kina, na kipokezi chake huzamishwa majini. Kwenye maporomoko na maji yenye mapovu husikika kwa shida. Itumie kwenye mdomo wa mto na ziwani, usiipeleke kwenye mawe.

Kisha pima uzito. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba alama isizidi asilimia 2 ya uzito wa samaki hewani. Ningu wa gramu 250 anaruhusu gramu 5. Wa gramu 120 anaruhusu gramu 2.4 tu, na hapo transmita nyingi za redio zimeshatoka kwenye orodha. Kwa samaki aliye hatarini, sisi tungebaki chini ya asilimia 2 hata pale ambapo tafiti za samaki wengine zimevumilia zaidi. Na kama chipu inatosha kujibu swali, usifanye upasuaji wa redio kwa sababu tu kifaa kipo.

Vibali na watu wa mwaloni

Tanzania, kibali cha utafiti hutoka COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi) wahusishwe mapema. Kenya ni NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi). Masafa ya redio yana mwenyewe: ombi lipelekwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kabla ya kuagiza transmita, kwa sababu masafa hupangwa kiwandani na huwezi kuyabadilisha baada ya mzigo kufika. Ndani ya hifadhi, fuata taratibu za hifadhi, na kwenye mto kama Mara usiingie majini bila askari anayejua mamba na viboko wako wapi siku hiyo.

Kibali kisichoandikwa popote ni cha wavuvi. Nenda BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) ya kila mwalo ulio karibu na mdomo wa mto, beba transmita moja iliyokufa na chipu moja, waache wazishike mkononi. Eleza kwamba transmita ina zawadi ikirudishwa, taja kiasi, na uahidi kutouliza samaki alivuliwa kwa wavu gani. Ahadi hiyo usiivunje hata mara moja.

Fanya mazoezi kwa kuyu kwanza

Mtu asiguse ningu kabla hajawawekea chipu samaki wa kawaida wasiopungua 30. Kuyu (Labeobarbus altianalis) anafaa sana: ana magamba makubwa, yumo katika mito hiyohiyo, na ni wa familia moja na ningu. Perege wa kufugwa pia wanafaa kwa mazoezi ya kushona. Kwa transmita, weka za bandia zenye uzito uleule kwa kuyu 10, wafunge kwenye kizimba majini kwa siku 14 pamoja na wengine 10 waliolazwa usingizi bila kupasuliwa, halafu linganisha vifo, majeraha na nyuzi zilizokatika. Kuyu wako wakifa, tatizo ni mikono yako au maji yako. Litatue hapo.

Kumpata bila kumuumiza

Migono na nyavu za kuzingira zenye macho madogo yasiyo na fundo ndizo zinazomwacha samaki akiwa na magamba yake. Nyavu za kunasa kwa mashavu hukata utando unaolinda ngozi. Ukilazimika kuzitumia, kagua kila dakika 20, na samaki aliyetoka damu kwenye matamvua mrudishe bila kumwekea chochote. Uvuvi wa umeme unahitaji mtu aliyefunzwa na mashine ya mkondo wa mapigo ya taratibu, kwa sababu mapigo ya haraka huvunja uti wa mgongo. Usiutumie kwa majike wenye mayai wala juu ya maeneo ya kutagia.

Fanya kazi alfajiri, maji yakiwa ya baridi. Beseni la lita 50 lichukue samaki watatu au wanne wa gramu 300, lifunikwe kwa kitambaa chenye maji, na oksijeni isishuke chini ya miligramu 5 kwa lita. Pampu ndogo ya betri ya kupulizia hewa ni bei nafuu kuliko samaki mmoja. Badilisha maji kila nusu saa, hata yakionekana safi.

Katika Mto Mara kuna tahadhari ya pekee. Madimbwi ya viboko hukusanya kinyesi kingi wakati wa kiangazi, na mafuriko ya kwanza hukisomba kwenda chini. Oksijeni hushuka ghafla na samaki huweza kufa kwa wingi bila mkono wa mtu. Ukianza kuweka alama siku hiyo, utaua samaki waliokwisha kudhoofika, kisha utadhani ni kisu chako. Pima oksijeni mtoni, sio kwenye beseni peke yake, na subiri wimbi hilo lipite.

Usingizi wa karafuu

Dawa ya kawaida ya maabara ni MS-222. Marekani hutaka siku 21 zipite kabla samaki aliyelazwa kwa dawa hiyo hajaliwa, na mtoni kwetu huwezi kuahidi hata siku moja. Wengi hutumia mafuta ya karafuu, ambayo kiini chake ni eujenoli. Nayo pia hayajaidhinishwa kila mahali kwa samaki atakayeliwa papo hapo, kwa hiyo uliza mamlaka ya uvuvi, tumia kipimo kidogo kinachofanya kazi, na samaki akishazinduka mlaze kizimbani hadi kesho yake kabla ya kumwachia.

Mafuta hayachanganyiki na maji. Tengeneza mchanganyiko wa akiba: mililita 10 za mafuta ya karafuu na mililita 90 za ethanoli safi, asilimia 95. Spiriti ya kuwashia moto haifai, imetiwa sumu. Kila mililita ya akiba hiyo ina takriban miligramu 100 za mafuta. Kwa usingizi wa miligramu 30 kwa lita katika ndoo ya lita 20 unahitaji miligramu 600, yaani mililita 6. Tikisa chupa, mimina, koroga hadi vidoa vya mafuta vipotee juu ya maji. Ndoo ya pili, ya kumwagilia matamvua wakati wa upasuaji, iwe na nusu ya nguvu: mililita 3 kwa lita 20. Ndoo ya tatu ni maji matupu ya mto, na hiyo isikosekane kamwe mezani.

Nguvu ya mafuta hutofautiana. Ya maua ya karafuu, ya majani na ya makonyo hayana kiasi kilekile cha eujenoli, na chupa ya dukani inaweza kuwa imechanganywa. Kila ukifungua chupa mpya, jaribu kwa kuyu mmoja na saa mkononi. Unataka apoteze mizani, alale ubavu, ndani ya dakika 2 hadi 4, huku kifuniko cha shavu kikiendelea kufunguka na kufunga polepole na kwa mpangilio. Akilala kabla ya dakika moja, umezidisha. Akiwa bado anapiga mkia baada ya dakika 6, ongeza mililita moja moja, usimimine kwa kukisia. Shavu likisimama, mpeleke papo hapo kwenye maji matupu na umwagilie matamvua kuanzia mdomoni, si kutoka mkiani.

Chipu: kazi ya sekunde 30

Lowesha glavu, meza na sifongo iliyochongwa kama V. Mkono mkavu huondoa ute, na ute ndio ngozi ya kwanza ya samaki. Soma chipu kwa kisomaji kabla ya kuiweka, ili usimwekee samaki chipu mbovu. Namba iingie moja kwa moja kwenye kifaa. Tarakimu 15 zikiandikwa kwa mkono hazikosi kosa.

Chipu ya milimita 12 huingia kwa sindano namba 12. Mlaze samaki chali. Mahali ni tumboni, milimita chache pembeni ya mstari wa katikati, kati ya ncha ya mapezi ya kifuani na mwanzo wa mapezi ya tumboni. Inua gamba moja kwa ncha ya sindano ili uingie chini yake, kwa sababu ukilichoma gamba utalisukumia ndani pamoja na uchafu. Elekeza sindano mkiani, ikiwa imelala kiasi, sukuma hadi uhisi ukuta wa tumbo umeachia, kisha ilaze zaidi na uisukume chipu. Hatua ya kulaza sindano ndiyo inayookoa utumbo na ini. Wanaoanza huiruka kwa sababu samaki wa kwanza hata wakitobolewa utumbo huogelea vizuri. Hufa baada ya siku tatu, mbali na macho.

Ya milimita 23 ni nene mno kwa sindano hiyo. Kata milimita 4 hadi 5 kwa kisu kidogo cha upasuaji, penyeza chipu kwa kidole, basi. Tundu hilo halihitaji kushonwa. Kati ya samaki na samaki, kisu na sindano vikae kwenye povidoni-ayodini au ethanoli ya asilimia 70, kisha visuuzwe kwa maji ya chumvi ya hospitali. Uwe na seti tatu za vifaa ili moja iwe inaloweka wakati nyingine inatumika.

Usiweke chipu kwenye nyama ya mgongo. Ningu huliwa, na kioo ndani ya mnofu ni hatari kwa mtoto. Tumboni hutupwa pamoja na matumbo. Jike aliyejaa mayai anaweza kuitoa chipu pamoja na mayai anapotaga, kama inavyojulikana kwa samoni. Kwa hiyo kata pia kipande kidogo cha ncha ya pezi la tumboni kwa kila samaki. Ukimvua tena ana pezi lililokatwa lakini kisomaji hakilii, umepata kipimo cha chipu zinazopotea. Kabla hajaondoka mezani, msome tena, mpime urefu na uzito, mpeleke kwenye ndoo ya kuzindukia.

Transmita: upasuaji wa dakika tatu hadi tano

Transmita nyingi huzimwa kwa sumaku. Itoe sumaku, washa kipokezi, hakikisha unasikia mapigo, na uandike masafa unayoyasikia kweli; yanaweza kuwa yamesogea kilohezi moja au mbili kutoka yale ya kwenye lebo. Transmita kuwekwa ikiwa imezimwa ni kosa linalotokea zaidi ya watu wanavyokiri.

Kata sentimita 1.5 hadi 2 kwenye mstari wa katikati ya tumbo, mbele ya mapezi ya tumboni, ukitoa kwanza magamba mawili au matatu ya njia ya kisu. Kina kiwe cha ukuta tu: inua ngozi kwa koleo ndogo unapokata, ili kilicho chini kishuke mbali na ncha. Antena ya waya haipiti kwenye jeraha lenyewe. Penyeza sindano ndefu kutoka nje, nyuma ya mapezi ya tumboni, ielekezwe mbele ndani ya tumbo na ikingwe na kijiko kidogo hadi itokeze jerahani. Pitisha waya ndani ya sindano, vuta sindano kinyumenyume, waya ubaki nje ukifuata mkia. Kisha ingiza transmita.

Shona kwa uzi mmoja laini usiosokotwa, namba 3-0 au 4-0, unaoyeyuka wenyewe. Mishono miwili au mitatu inatosha, kila mmoja umefungwa peke yake. Uzi uliosokotwa hunyonya maji machafu ukaleta usaha. Kaza hadi kingo za jeraha zigusane tu. Mshono uliokazwa hadi ngozi ikunjane hukata nyama baada ya wiki. Muda wote huo msaidizi anamwagilia matamvua kwa ndoo ya nusu nguvu, na dakika ya mwisho anahamia maji matupu, ili samaki aanze kuzinduka mshono wa mwisho ukifungwa.

Mwachie palepale alipovuliwa, kwenye maji matulivu kando ya mto, jioni ya kesho yake. Usimhamishie juu ya mto ukidhani unamsaidia safari. Siku za mwanzo wengi huteremka kidogo kwa sababu ya mshtuko, na hiyo si tabia yao ya kawaida. Takwimu za wiki ya kwanza au mbili ziweke kando.

Antena ya mtoni

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Mto mkubwa kama Mara wenyewe ni mpana mno kwa waya mmoja. Tafuta kijito kinachoingia humo, au sehemu yenye upana wa mita 5 hadi 10, maji yakiwa chini ya mita moja wakati wa kawaida, sakafu ya changarawe, bila nondo, gabioni wala daraja la chuma karibu. Chuma hula uga wa antena kimyakimya. Nyaya za umeme, jenereta na vigeuza umeme huleta kelele zinazoizima chipu.

Umbo la kwanza ni mlango: kitanzi kilichosimama, waya mmoja chini na mwingine juu, samaki hupita katikati. Husoma vizuri kwa sababu chipu iliyolala sambamba na mwili hukata kitanzi ikiwa imenyooka. Gogo moja la mafuriko linatosha kuking'oa. Umbo la pili ni mkeka: kitanzi kilicholazwa sakafuni na kupigiliwa. Huvumilia mafuriko, ila anayepita juu zaidi ya nusu mita haonekani. Na ningu hupanda mafuriko yakija. Ugumu huo hauna suluhisho kamili. Ningu huchunga sakafuni, kwa hiyo mkeka una nafasi nzuri, lakini tunapendekeza mlango na mkeka kwa pamoja, na transmita za redio kwa samaki wachache wa kuthibitisha kilichotokea siku za maji makubwa. Kamba ya juu ya mlango ifungwe kwa kipande chepesi kinachokatika kwanza, ili gogo lichukue kamba na si kisomaji.

Antena ziwe mbili, zikitengana mita kadhaa, ili ujue samaki anapanda au anateremka. Visomaji vyake vya HDX viunganishwe vipige kwa wakati mmoja au kwa zamu. Kila kimoja kikifanya kivyake, vitazimana. Kisomaji hupiga karibu mara 10 kwa sekunde. Ningu anayekatiza kwa mita 2 kwa sekunde kwenye uga wa mita moja hupewa nafasi tano tu za kusomwa. Wawili wakipita bega kwa bega, chipu zao hujibu pamoja na huenda asisomwe yeyote.

Umeme: kifaa kinachovuta ampea 1.5 kwa volti 12 hutumia wati 18, sawa na wati-saa 432 kwa siku. Betri mbili za volti 12, ampea-saa 100, zina wati-saa 2,400, na nusu yake ndiyo utumie ili zisife mapema. Hiyo ni chini ya siku tatu za mawingu. Kwa jua la saa tano na upotevu wa robo, paneli ya wati 115 ingetosha kiangazi. Masika weka wati 200 au zaidi. Kidhibiti chaji cha bei rahisi hutoa kelele. Kizime kwa dakika moja uone kama umbali wa kusoma unaongezeka. Ukiongezeka, kibadilishe au kisogeze mbali.

Kila wiki funga chipu kwenye ufito na uipitishe kwenye antena kila nusu mita ya upana na kila sentimita 20 za kina, uandike mahali iliposomeka na ilipopotea. Funga pia chipu ya kudumu yenye saa yake, inayojiwasha kila dakika 15. Chipu hiyo ndiyo shahidi wako: ikiandikwa, antena ilikuwa hai. Ikikosekana kuanzia saa 8:15 usiku hadi asubuhi, usiku huo hauna takwimu, na usiuhesabu kama usiku usio na samaki.

Kusaka kwa redio

Ukiwa na samaki 20, kila mmoja na masafa yake, na kipokezi kinasikiliza kila masafa kwa sekunde 8, mzunguko mzima ni sekunde 160. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa saa hupita eneo la kusikika la mita 600 kwa sekunde 144, yaani samaki wengine utawapita bila kusikiliza masafa yao hata mara moja. Shuka hadi kilomita 10 kwa saa au chini, upate sekunde 216.

Ukisikia mapigo, zungusha antena ya Yagi, ile inayosikia zaidi upande mmoja, upate mwelekeo, sogea, upate mwelekeo wa pili unaokaribia pembe mraba na wa kwanza. Kisha punguza nguvu ya kipokezi kadiri unavyokaribia. Mwisho chomoa antena kabisa ubaki na waya wa koaksi mtupu: ukisikia kwa waya huo, samaki yuko mita chache tu. Andika mahali alipo samaki, si uliposimama wewe.

Transmita isiyosogea wiki tatu inaweza kuwa ya samaki aliyekufa, au ya anayelinda sehemu yake. Rudi usiku, rudi maji yakipanda. Inayosogea nchi kavu, msikilize mwenye nyumba kwa heshima na ulipe zawadi.

Kusoma takwimu

Saa zote ziwekwe kwa mtindo wa 24. Msaidizi akiandika "saa 2" bila maelezo, hutajua baada ya miezi kama ni 08:00, 20:00 au 02:00, na kosa la saa sita hugeuza samaki wa mchana kuwa wa usiku.

Uwezo wa antena hupimwa kwa kulinganisha mbili. Tuseme antena ya juu imesoma ningu 40, ya chini 50, na 34 wamesomwa na zote. Ya chini imewanasa 34 kati ya 40, asilimia 85. Ya juu imewanasa 34 kati ya 50, asilimia 68. Uwezekano wa samaki kuzikwepa zote mbili ni 0.15 mara 0.32, karibu asilimia 5, kwa hiyo pamoja zinaona asilimia 95. Hesabu hii inakubalika tu kama antena hazikushindwa kwa sababu moja. Zote zikizama chini ya mafuriko yaleyale, asilimia 95 hiyo ni ya siku za maji madogo, na lazima uitoe tofauti kwa kila kina cha maji.

Beba kisomaji cha mkono kwenye mialo siku za mauzo makubwa, uombe kukipitisha juu ya vikapu. Mvuvi hawezi kuona chipu ya PIT, kwa hiyo hatairudisha hata akitaka. Kila inayolia kwenye kikapu, andika tarehe, mwalo na urefu wa samaki, kisha uifute kwenye orodha ya walio hai, ili msimu unaofuata usimsubiri mtoni.

Antena za mlango zisitolewe kabla ya masika kuisha nguvu kabisa, kwa maana ningu wanaorudi ziwani huteremka maji yakipungua, na hao ndio wengi huwakosa. Subiri chipu ya mwisho ya kuteremka, kisha siku kumi zaidi zisizo na samaki huku shahidi akiandika kila dakika 15, ndipo ung'oe waya.